Aliyeifundisha Kampuni Kupiga Hodi

Mtu yule hakuingia boma la watu bila kwanza kuuliza habari za ng'ombe. Mwenye nyumba angoje, watoto wangoje. Yule mwekundu aliyevunjika pembe amepona? Ndama wa yule mweupe ameanza kula majani? Alikuwa Mpokomo, mtu wa mahindi na ndizi, na kwao hawakuwahi kufuga hata mbuzi wa maana. Lakini aliwajua ng'ombe wetu kwa rangi na kwa tabia kuliko baadhi ya wanaume wa Kiorma waliohamia Garsen wakawa wauza simu. Mama yangu alimpenda kwa hilo. Mimi pia nilimpenda, na sitajifanya vingine hapa kwa sababu ya yaliyotokea baadaye.

Tulimwita Afisa. Hata kabla kampuni haijaja tulimwita hivyo, kwa utani, maana alikuwa mtu wa kutumwa na kila ofisi: chanjo ya mifugo, sensa, vyandarua, chakula cha msaada mto ukifurika. Ofisi yoyote iliyotaka kufika kwetu ilimtafuta yeye kwanza. Kampuni ilipokuja kutafuta madini kwenye mchanga wa vilima vya huku chini, kati ya Garsen na Kau, ikampa cheo chenyewe hasa, afisa wa uhusiano na jamii, pamoja na pikipiki na koti lenye mistari ya kung'aa. Utani ukawa kazi.

Niseme kwanza tunavyoishi, ili asiyepajua kwetu aelewe tulichokuwa tunakiogopa kukipoteza. Sisi ni wachungaji. Kiangazi kikikaza, mabwawa ya nyikani hukauka na ng'ombe hawana pengine pa kwenda ila mto Tana. Lakini ukingo wa mto ni mashamba ya Wapokomo, shamba baada ya shamba. Kwa hiyo tangu zamani pameachwa njia katikati ya mashamba, pana kiasi cha kundi kupita hadi majini bila kukanyaga mahindi ya mtu. Njia hiyo tunaiita malka. Kijiji chetu kilikuwa na malka moja ya karibu, na nyingine ndogo ya mbali, kule chini, ambayo mamba wake si wa kuchezewa. Anayefunga malka ameua ng'ombe, na akiua ng'ombe ametuua sisi. Afisa hakuhitaji kuelezwa hilo. Shamba la baba yake lilipakana na malka yetu, na ni baba yake aliyekuwa akifyeka vichaka kila kiangazi ili kundi letu lipite.

Lugha zake zilikuwa nyingi na zote alizisema kwa makosa yake mwenyewe. Kiorma chake kilituvunja mbavu. Alimwita mzee kwa neno la mwanamke, na bibi kizee kwa neno la fahali, na wazee walicheka hadi wakafuta machozi, kisha wakamsahihisha kwa upole kama wanavyomsahihisha mtoto wa nyumbani. Kwa Wagiriama wa upande wa Tarasaa alifanya vivyo hivyo na kwa Wasomali wa madukani vivyo hivyo. Nilikuja kushuku baadaye kwamba makosa mengine aliyafanya makusudi. Mtu anayekuchekesha huwezi kumwogopa, na mtu unayemsahihisha unajiona wewe ndiye mkubwa. Nilimuuliza siku moja, tukiwa tumekaa nje ya duka Garsen, kama kweli baada ya miaka yote hiyo hajui neno la mzee.

"Dada," akasema, "nikisema sawa wataniuliza nimetumwa na nani."

Alikuwa mwepesi wa kula kwa watu. Kwetu mgeni wa heshima hukaangiwa buni nzima za kahawa ndani ya samli. Buni huliwa moja moja, samli hunywewa na nyingine hupakwa mikononi na usoni, na mzee huomba dua. Hiyo si vitafunio. Mliokula buni pamoja mmekuwa na amani baina yenu, na mtu aliyekula buni bomani mwako hawezi kukunyima maji. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Afisa alizitafuna kwa bidii, samli ikimetameta kwenye paji la uso, akiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Nilimtania nikamuuliza anazipenda kweli.

"Nawapenda ninyi," akasema. "Buni nazivumilia tu."

Kwake mwenyewe hali ilikuwa nyingine. Mkewe aliuza maembe Tarasaa, mwanamke mrefu asiye na subira na maneno ya watu. Alisema mumewe anajua mlango wa kila nyumba ya Delta hii ya Tana isipokuwa ule wa chumba chake. "Kwenu anauliza ng'ombe," aliniambia, "kwangu haulizi hata kuku." Na ni kweli, kwake alikuwa mkimya, wa kununa, wa kula amegeukia ukuta. Nadhani maneno yote yalikuwa yameisha njiani. Watu wa namna hiyo wapo, wanaotumia upole wao wote nje wakarudi nyumbani na ganda.

Kampuni ilimpata mtu iliyemhitaji. Mwanzoni watu wake walikuja kwa magari makubwa, vioo juu, wakasimama katikati ya kijiji wakaita watu kwa kipaza sauti. Hakutoka mtu. Wanawake walifunga milango na wazee wakaenda kuchunga, wazee ambao walikuwa hawajashika fimbo ya kuchungia kwa miaka. Afisa alipochukua kazi akawarudisha hao wageni shule. Waliacha magari mbali. Walijifunza kusema "nagaa", salamu yetu ya amani, na kuketi mkekani na magoti yao magumu ya ofisini. Walijifunza kutokuja mikono mitupu: sukari, majani ya chai, gunia la buni. Walijifunza nani ni mzee wa nani. Na zaidi ya yote, aliwafundisha kuja mazishini. Kampuni ilikuja kwenye mazishi yetu kuliko jamaa zetu walioko Hola. Walileta turubai na maji, wakakaa nyuma kimya, wakaondoka bila kusema lolote juu ya madini. Mama yangu alisema watu wanaojua kunyamaza msibani wamelelewa.

Kisha likaja tangi la maji shuleni, jezi za vijana, karo za watoto kadhaa, fahali wa Idi. Yote mazuri. Sitatema leo nilichokula jana kwa furaha. Ndugu yangu mdogo alipata kazi ya ulinzi kwenye kambi ya kampuni na nyumba yetu ikapata bati. Ndivyo wanavyojenga uhusiano, nami ningependa wale wanaodhani ni kwa bunduki na tingatinga waelewe. Kwetu walikuja kwa adabu. Walikuja kwa adabu yetu wenyewe, waliyofundishwa na mtu tuliyempenda.

Mimi wakati huo nilikuwa nikiwapikia chai wageni wa kampuni wanapofika kijijini. Siku moja waliketi kwenye kivuli cha ghala, mkubwa wao aliyetoka Nairobi na wawili wengine, na Afisa akiwa mbele yao akieleza kama mwalimu. Mkubwa alitaka kujua lini jamii itaulizwa kama inakubali. Nilikuwa nikimimina chai, nikamsikia Afisa akijibu.

"Msiwaulize ndiyo au hapana, bosi. Ukimuuliza Muorma ndiyo au hapana atakuambia anakwenda kufikiri, na atafikiri hadi wewe ustaafu. Njooni na fahali. Ombeni dua. Mzee wa Kiorma hawezi kumnyima mgeni dua."

Niliichukua kama sifa. Kwani si sifa? Ni kweli kwamba hatumnyimi mgeni dua.

Siku ya fahali ilifika. Kijiji kizima kilikuwa pale, na Wapokomo wa mashamba ya mtoni nao walialikwa. Fahali alichinjwa na watu wetu, kwa taratibu zetu. Buni zilikaangwa, bakuli la mti likazunguka, na mkubwa wa kampuni akala, akapaka samli usoni kama alivyoelekezwa, na watu wakamshangilia. Ndipo mwalimu mmoja wa shule yetu, kijana wa Garsen mwenye mdomo mkali, akasimama akasema kabla hatujaendelea tuandikiane kwamba malka haitafungwa. Baba yangu ndiye aliyekuwa mzee wa dua. Alikasirika.

"Umwandikishe mtu ambaye buni zingali mdomoni mwake?" akasema. "Hilo ni tusi. Keti."

Mwalimu akaketi. Hapo Afisa akainuka bila kuitwa na mtu, akaweka kiganja kifuani. Namwona hadi leo, koti linang'aa juani, macho yamelowa. "Malka haifungwi," akasema, kwa Kiorma kisicho na kosa hata moja. "Shamba la baba yangu liko pale pale. Ikifungwa, niulizeni mimi."

Baba akainua mikono. Aliomba kwa muda mrefu, kama alivyozoea. Mungu awape wageni wanachokitafuta, awarudishe kwao salama, wachimbe wapate, baina yao na sisi kuwe na amani na mvua. Tuliitikia amina kila mstari, na kijana wa kampuni alikuwa akizunguka na kamera.

Lazima nieleze kosa letu, kwa maana mtu wa kwingine atatuona wajinga. Kwetu dua ni ya mgeni, haihusu shughuli yake. Baba angemwombea hata mwizi, ilimradi ameketi mkekani kwake na kusema naondoka niombee. Ni kumtakia mtu heri tu, ambayo ni haki ya kila aliyekula kwako. Hatukujua kwamba kuna mahali ambapo heri uliyomtakia mtu inahesabiwa kuwa ni ardhi uliyompa. Kulikuwa na kikao cha kampuni na wakubwa wa serikali kule Hola, na binamu yangu alikuwepo. Anasema picha ile ilionyeshwa ukutani, baba ameinua mikono, kijiji kizima kinaitikia, na Afisa akaulizwa na wakubwa watu hawa wanasema nini. Akasema wanaibariki kampuni. Hakusema uongo. Lakini hakusema pia kwamba hatukuwa tumeulizwa chochote.

Uzio ulikuja na kiangazi. Seng'enge kutoka kwenye vilima vya mchanga hadi mtoni, ikapita katikati ya shamba la baba yake Afisa na kuikata malka yetu. Bomba lao nene likashuka majini pale pale ng'ombe walipokuwa wakinywea. Kundi lilifika na kiu kutoka nyikani likasimama kwenye waya. Ng'ombe hawaelewi waya. Walikuwa wakisikia harufu ya maji, wakasukumana, wa nyuma wakiwabana wa mbele, na wa mbele wakachanika vifua. Ndugu yangu mdogo alikuwa upande wa pili na sare yake ya ulinzi, analia, anasema hana ufunguo. Waliobaki na nguvu ya kutembea tuliwapeleka kule chini kwenye mamba. Wengine walilala njiani hawakuinuka. Baba alipita akifunga macho ya kila mmoja kwa mkono, jambo ambalo sijawahi kumwona mtu akimfanyia ng'ombe, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia aache.

Afisa alikimbia huku na huko. Hilo nalisema kwa haki yake. Alikwenda kambini, akaenda Garsen, akaenda Hola, akarudi na maneno. Kwanza alisema uzio ni wa muda, wanapima tu. Kisha akasema lango litawekwa. Kisha akasema kuna mkubwa mpya asiyejua makubaliano, ataelezwa. Nadhani kila neno aliliamini alipokuwa analisema. Mtu huyu aliyekuwa akiwasoma watu wote hakuweza kuwasoma waliomlipa. Alidhani, kwa kuwa wameketi mkekani na kula kwa mikono, wamekuwa kama sisi. Alikuwa amewafundisha vizuri hadi akadanganyika mwenyewe.

Siku moja alikuja bila pikipiki na bila koti. Tukamuuliza.

"Kazi yangu ilikuwa kujenga uhusiano," akasema. "Wameniambia umeshajengwa."

Alicheka, na hakuna aliyecheka naye. Wapokomo wenzake walikuwa wamemtupa tayari, kwa kuwa mashamba yao nayo yalikuwa ndani ya waya na walisema ndiye aliyewaleta. Kanisani alikaa benchi peke yake. Mkewe alibaki naye, lakini maembe ya mkewe watu hawakuyanunua tena, akalazimika kuyapeleka mbali, ambako hawamjui. Na kwetu bado alikuja, hilo ndilo lililotuumiza. Alisimama nje ya boma akauliza ng'ombe kama zamani, yule mwekundu, yule mweupe, na mama yangu akatoka akamwambia, "Usiniulize. Wewe usiniulize." Akaondoka. Baada ya wiki kadhaa akarudi tena, akauliza tena. Sijui alitaka nini. Labda alitaka tumpige. Ningempiga kama ningejua kwamba kungerudisha hata ndama.

Nilimchukia wakati ule, kisha chuki ikachoka. Ukimtazama vizuri alikuwa amepoteza zaidi yetu. Sisi tulikuwa na sisi.

Mara ya mwisho nilipoketi naye ilikuwa kiangazi hiki kilichopita. Tumebaki na ng'ombe wachache, wanaokunywa kwenye ile malka ndogo ya chini, na tumeshazoea kupiga maji kwa miti kabla hawajaingia ili mamba wasogee. Ni mbali na ni hatari, lakini ni maji, na hatuna mengine. Afisa alifika asubuhi kwa miguu, midomo imepasuka, shati linampwaya kwa kukonda. Nilikuwa nikiwasha moto. Hakuuliza lolote safari hii. Alichuchumaa nje ya ua, nikamwendea.

"Dada, wanaitaka na ile ya chini," akasema. "Mchanga umepatikana hadi kule. Leo wanamleta afisa mpya kuja kuwaona."

Nikamuuliza tufanye nini.

"Msimkaribishe." Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mkono wake ulikuwa moto wa homa. "Nakuomba. Msimpe maji, msimpe chai, na buni hata msizitaje. Mwacheni asimame juani hadi arudi. Akishaketi mkekani mmekwisha. Mimi ndiye niliyewafundisha, najua. Mwambie Mzee asiinue mikono. Nakuomba dada, safari hii semeni hapana wakiwa wamesimama."

"Tumfukuze mgeni?"

"Mfukuzeni!" Alikuwa analia, mzee mzima, makamasi yakimtoka. "Mfukuzeni kama mnavyopaswa kunifukuza mimi."

Nilikwenda kumweleza baba. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha ngozi, siku hizi haoni vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nimefanya vyema kumwambia, na kwamba kweli safari hii atasema hapana. Nikamwamini. Akaomba avikwe kilemba.

Afisa mpya alikuwa binti. Alikuja peke yake, amejitanda vizuri, akitembea kutoka mbali alikoliacha gari. Alikuwa Muorma. Kiorma chake kilikuwa cha bibi zetu, kisafi, na kabla ya kusema jambo lolote alitaja ukoo wake hadi babu wa babu. Mmoja kati ya hao alikuwa amechunga na baba yangu walipokuwa vijana, wakagawana maziwa ya ngamia mwaka wa njaa. Uso wa baba ulifunguka. Alinyoosha mkono hewani kumtafuta, binti akaushika na kuuweka kichwani mwake.

"Umetembea juani, mjukuu wangu," baba akasema. "Keti."

Aliketi. Aliniita shangazi, akaniuliza kama anisaidie moto. Sikuona hila yoyote usoni mwake, nadhani hakuwa nayo. Nilisimama kama gogo. Nilikuwa namngoja baba aseme lile neno moja, nikamtazama, nikakohoa, nikamwita.

"Mbona umesimama?" akanigeukia. "Mtoto wa watu ana kiu. Weka samli motoni, kaanga buni."

Nikaweka samli motoni. Niliwaza kuangusha kikaango, niliwaza kusema buni zimeisha, lakini mikono yangu haikunisubiri. Harufu ilipotanda baba akakumbuka.

"Na yule aliyekuwa nje," akasema, "bado yupo? Mwiteni naye. Ni mgeni, na amekuja kwa miguu."

Nilitoka. Afisa alikuwa bado amechuchumaa pale pale, ameinamisha kichwa. Alikuwa amesikia yote. Nilimwambia baba anakuita ule. Alitikisa kichwa kukataa, akatikisa tena. Lakini alikuwa hajala tangu jana, harufu ya samli ilikuwa imemfikia, na koo lake likapanda na kushuka. Akajishika kwenye ua akainuka, akaingia.

Alikaa karibu na binti. Bakuli likazunguka. Binti akala, akapaka samli usoni bila kuelekezwa na mtu. Kisha akatoa simu, akaiegemeza kwenye kibuyu cha maziwa ili itutazame sote, na kwa sauti ya unyenyekevu akamwita baba babu yake, akamwomba dua.

Baba akainua mikono. Afisa alinitazama, macho yamemtoka, buni bado shavuni. Halafu naye akainua yake.